Shemeji Semina na Sefu ya Marehemu

Shemeji yangu ana cheti. Nianzie hapo, maana yeye mwenyewe huanzia hapo. Ukiingia sebuleni kwake, hujaambiwa karibu, hujaonyeshwa pa kukaa, tayari macho yako yameshagonga fremu ya rangi ya dhahabu iliyotundikwa mkabala na mlango. Ndani yake kuna karatasi yenye muhuri mwekundu, inayosema kwamba mwenye jina hili amehudhuria semina ya nusu siku kuhusu moto na namna ya kujikinga nao. Nusu siku. Saa tatu mpaka saa saba, ukijumlisha na mapumziko ya chai.

Na hata hiyo nusu siku haikuwa yake. Alikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha magunia, na aliyetakiwa kwenda kwenye semina ni bosi wake. Bosi akaamka anaumwa tumbo, akatuma ujumbe kwamba apelekwe yeyote ambaye hana kazi. Wakatazamana mle ofisini, kisha wote wakamtazama yeye. Ndivyo alivyopata elimu. Jioni akarudi nyumbani na cheti pamoja na kofia ya kitambaa iliyoandikwa USALAMA KWANZA, na tangu siku ile neno "sijui" halijawahi kutoka tena mdomoni mwake. Watu wakambandika jina la Semina. Yeye anadhani wanamheshimu.

Aliyoyafanya kwa cheti hicho nikiyasimulia yote hatutamaliza leo, basi nitaje mawili. Kwenye sherehe ya mpwa wake aliingia jikoni, akatangaza kwamba ule moto una rangi ya hatari, akafyatua mtungi wa kuzimia moto juu ya sufuria tatu za wali. Wageni walikula saa kumi na moja jioni, mikate mitupu, naye ameketi meza kuu anaeleza jinsi alivyotuokoa. La pili ni la kule kiwandani. Kila akija mgeni ghalani, ilikuwa lazima Semina amwonyeshe mtungi unavyofanya kazi, anafyatua kidogo, anarudisha ukutani, hadi mitungi yote sita ikabaki maganda. Siku magunia yaliposhika moto kweli, hakuna mtungi uliotema kitu. Akaandika ripoti ya kurasa nne, kwamba vifaa vyote vilikuwa vimetumika ipasavyo. Wakamstaafisha kabla ya wakati wake, na yeye akasema amestaafu kwa heshima.

Mume wangu, mdogo wake wa tumbo moja, hakufanana naye hata kwa ukucha. Alikuwa fundi saa. Angeweza kukaa na saa ya mteja siku tatu, anaitazama tu, hailazimishi, mpaka imwonyeshe inapouma. Ofisi moja ya mjini ilipofungwa alinunua sefu yao kuukuu, chuma kitupu, kuta nene zilizojazwa saruji ndani, ikabebwa na wanaume wanne wanaotukana njia nzima. Humo akawa anafungia saa za watu. Alipofariki, wateja walikuja mmoja mmoja wakachukua saa zao, na mimi sefu ile nikaifanya pa kuwekea karatasi za nyumba. Picha zake chache zilikuwa humo, na vyeti vya binti yetu. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimelea mtoto mmoja kwa pasi ile, na mwaka huu alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Barua ilisema aripoti Jumatatu, saa mbili asubuhi, na vyeti halisi mkononi, nakala hazitapokelewa. Barua hiyo nayo niliifungia kwenye sefu. Binti yangu alikuwa ameshanunua viatu vyeupe vya kazi, akawa anavivaa nyumbani kila jioni ili visije vikamuuma siku ya kwanza.

Nyumba iliungua Jumatano, saa nane mchana. Moto ulianzia nyuma ya friji. Mama mkwe na binti yangu walikuwa uani wanachambua mchele, na binti alipoona moshi alimshika bibi yake mkono wakatokea mlango wa nyuma, na viatu vyeupe vikabaki ndani. Mimi nilikuja kuitwa kazini. Nilipofika, paa la vyumba viwili lilikuwa limeshashuka chini na watu wa zimamoto wanakunja mipira yao ya maji. Hakuna aliyeungua hata nywele. Nilikaa chini barabarani, pale pale penye tope, nikalia kwa sauti bila kumwonea mtu haya.

Aliyeninyanyua alikuwa mama mmoja wa zimamoto, sauti yake inakwaruza kwa moshi. Hakunibembeleza. Alinishika bega, akanieleza yanayofuata, na kila akimaliza moja ananiambia nilirudie, kama mtoto anayetumwa dukani. Tusiingie ndani mpaka fundi wa nyumba atazame kuta. Umeme tusiuguse mpaka fundi umeme aje. Chakula chote kilichopata joto au moshi tukitupe, hata kilichomo kwenye kopo, na dawa hali kadhalika. Tusifagie wala kusafisha kitu kabla ya kupiga picha kila chumba na kuandika kilichoharibika. Ijumaa niende kituoni kwao nikachukue ripoti ya moto, maana kila ofisi nitakayoiomba karatasi mpya itaanza kwa kuniuliza hiyo. Halafu akaniuliza ndani ya sefu kuna nini. Nikamwambia.

"Basi vyeti vya mtoto ni vizima," akasema. "Ila ndani humo sasa hivi ni tanuri. Mkifungua leo au kesho, hewa itaingia na karatasi zitawaka mnaziona. Msimwagie maji, mtapoza nje tu. Iacheni mpaka Jumamosi jioni, ndipo mfungue."

Jumamosi jioni, na chuo ni Jumatatu. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Muda ulikuwa unatosha na kubaki.

Ndipo akatokea shemeji yangu, na kofia kichwani. Moto umeshazimwa, gari linawashwa, yeye ndiyo anafika. Alimwendea yule mama moja kwa moja akamuuliza kama wamefuata taratibu zote. Mama aliitazama kofia, akamtazama mwenye kofia, akapanda gari. Semina akatugeukia akasema watu wa siku hizi wanaajiriwa bila mafunzo.

Simnyimi haki yake, alitupokea kwake. Mke wake, mtu wa watu, alitutandikia magodoro sebuleni, na tukalala chini ya kile cheti. Asubuhi ukifumbua macho kitu cha kwanza kuona ni muhuri mwekundu.

Alhamisi ndugu na majirani walianza kuja kutupa pole pale kwenye magofu. Mtu mwenye akili angewapokea, wakae kivulini, waseme pole yao, waende. Semina akaitisha mkutano. Aliazima viti, akavipanga uani kwa mstari, akasimama mbele akasema kwamba kuanzia dakika ile shughuli zote za moto ziko chini yake. Nikamtajia niliyoambiwa na mama wa zimamoto, moja moja, kama nilivyoyarudia. Akanisikiliza huku anatabasamu, kisha akasema hayo ni mambo ya watu wasiojua moto.

Akaanza na ufagio. Eti ni aibu wageni kukuta nyumba iko vile, kana kwamba tulikuwa tumesahau kudeki. Wifi zangu wakapewa mafagio, wakaingia, kuta zile zile ambazo hakuna fundi aliyezitazama, na kufika saa tatu kila kitu kilichokuwa na sura ya kutambulika kilikuwa kimekusanywa kwenye lundo moja jeusi. Picha hata moja haikupigwa. Akaenda kwenye swichi kubwa ya umeme, akaibonyeza kwa mti wa ufagio ili kutuonyesha kwamba waya ni nzima. Cheche ikaruka, na yeye akaruka kuipita, akatua kwenye lundo la majivu. Alipojipangusa akasema hiyo ni kawaida ya umeme uliopumzika.

Halafu chakula. Stoo yetu ilikuwa na unga na mafuta vilivyookwa na ule moto mpaka gunia likawa rangi ya kahawia, naye akaamuru vipikwe, wageni wale, hakuna kupoteza riziki. Waliokula niliwaona baadaye wamepanga foleni chooni kwa jirani. Mama mkwe akamwonyesha Semina dawa zake za presha, ndani ya kichupa ambacho kifuniko kimeyeyuka kikashikana na shingo, naye akamwambia azimeze tu. Nilikipora mkononi mwa mama nikakitupa, na wageni wote wakaona jinsi nisivyo na adabu.

Lakini lililonikereketa zaidi ni nguo. Aliwasha moto mkubwa chini ya pipa, akatia nguo zetu zote zilizopona ili eti zitoke moshi. Jamani, mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Nikamwambia masizi hayachemshwi, joto linayafungia ndani ya uzi, unaanika kwanza kwenye upepo, unakung'uta, kisha unafua kwa maji baridi na sabuni nyingi. Alinipigapiga begani.

"Shemeji," akasema, "hayo unayosema ni mambo ya kufua. Hapa tunazungumzia moto."

Nguo zilitoka na rangi ya pipa. Hadi leo nina gauni moja ambalo lilikuwa la maua.

Nawauliza, mtu ambaye ameona yote hayo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne, anahitaji aonyeshwe nini tena? Ningechukua mwanangu na ufunguo wangu, nikaenda zangu kazini nikapige pasi. Sikuondoka.

Saa nne na nusu akaikumbuka sefu. Ilikuwa imesimama chumba cha kati, nyeusi, peke yake, kila kilichoizunguka kimeteketea. Akasema sasa familia itaona matunda ya utaalamu. Akapanga watu mstari kutoka bombani, ndoo zikawa zinapita mkono kwa mkono, na binti yangu alikuwamo kwenye mstari ule, wa mwisho kabisa, karibu na sefu. Maji ya kwanza yalilia yalipogusa chuma. Ya baadaye yakanyamaza. Semina akaweka kiganja juu ya mlango wa sefu, akakiacha pale muda mrefu huku anatutazama.

"Baridi," akasema. "Njooni mguse wenyewe."

Wakaenda, mmoja mmoja. Kila mtu akagusa, kila mtu akasema ni kweli, baridi. Nikasema kwa sauti kwamba nimeambiwa mpaka Jumamosi, nimeambiwa maji yanapoza nje tu. Semina hakunijibu mimi, aliwajibu wageni. Akawaambia kwamba shemeji yake hamwamini. Akasema marehemu alikuwa anamwamini kwa kila kitu. Huo ni uongo mtupu, mume wangu hakuwahi kumwachia hata saa ya mezani aitie ufunguo. Lakini utasemaje hivyo mbele ya watu waliokuja kukupa pole? Mama mkwe akaniangalia kwa macho yale ya uchovu, akasema, "Mpe, mwanangu. Ni kaka yake."

Ningependa kuishia hapo, niseme nililazimishwa. Nimewahi kuwaambia watu hivyo, wakanionea huruma. Ila si kweli yote. Kweli ni kwamba na mimi nilitaka kuona. Tangu jana roho yangu ilikuwa juu, nilikuwa nimechoka kuambiwa vyeti ni vizima, nilitaka kuvishika. Nilijisemea pengine safari hii moja, katika maisha yake yote, huyu mjinga amepatia. Nikavua kamba shingoni, nikampa.

Alihutubia kwanza. Alieleza semina, akaeleza muhuri, akamshukuru bosi wake aliyeumwa tumbo. Kisha akazungusha ufunguo, akauvuta mlango wa sefu kwa mikono miwili.

Tuliona kila kitu. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Kwa muda wa pumzi moja tuliona kila kitu kimekaa kama nilivyokiacha, bahasha ya picha, barua ya chuo, na juu kabisa jalada la karatasi ngumu la vyeti, limejikunja kidogo tu pembeni. Binti yangu akasema, "Vipo." Hata hakusema kwa furaha kubwa, alisema kama mtu anayekuta pochi yake pale pale alipoiacha.

Halafu hewa ikaingia. Mlio wake haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mtu aliyepuliza kibatari, ila kinyume chake. Mwali ukajaa sefu nzima kwa mara moja, wa manjano, ukatoka mpaka nje. Semina alirudi nyuma akaanguka, kofia huku, yeye kule, akapiga kelele maji, maji. Mwenye ndoo mkononi alikuwa binti yangu. Akamwaga. Kilichobakizwa na moto kikamalizwa na maji, na nilipoingiza mkono nilitoa uji mweusi.

Nilisubiri shemeji yangu aseme hata pole tu, neno ambalo kila mpita njia alikuwa amelisema tangu asubuhi. Akaokota kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa.

"Mmeona?" akasema. "Hiyo ndiyo tunaita moto wa pili. Nilikuwa nautegemea."

Na kuna waliotikisa vichwa kukubali. Nawajua kwa sura.

Ijumaa nilikwenda kituo cha zimamoto kuchukua ripoti. Yule mama alikuwapo, akanipa karatasi mbili zilizopigwa chapa na kugongwa muhuri, akaniuliza kama tumeshafungua sefu. Nikasema bado. Sijui kwa nini nilisema vile. Najua. Niliona aibu, nikaona bora nimdanganye kuliko kumwambia kwamba aliniagiza niyarudie maneno yake moja moja pale barabarani na hayakukaa hata siku moja kichwani mwangu. Alifurahi. Akasema ni wachache sana wanaoweza kusubiri.

Jumatatu nilitoka na binti yangu mapema, nikidhani tumemtoroka, kumbe tunamkuta Semina getini amevaa suti. Alikuwa na jalada lenye ripoti yake mwenyewe, kurasa tisa kwa mwandiko wa mkono, na nakala ya cheti chake imebanwa mbele. Akasema ofisi hizi zinataka mtu mwenye lugha. Binti yangu alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vimempwaya, anavikokota kidogo.

Msajili wa chuo alikuwa mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi kwenye bawaba. Alitusikiliza vizuri. Akasema tusiwe na wasiwasi, hatukuwa wa kwanza kuunguliwa. Upo utaratibu kwa mwanafunzi ambaye vyeti vyake vimeteketea, akija na ripoti ya zimamoto anaandikishwa siku hiyo hiyo, na anapewa muhula mzima kufuatilia vyeti vipya. Akamtania binti yangu kwamba muuguzi aliyepita kwenye moto hataogopa sindano. Mwanangu akacheka. Tangu Jumatano sikuwa nimeona meno yake.

Semina akasukuma ripoti yake mezani. Msajili akaifungua ukurasa wa kwanza, akaifunga, akaomba ile ya zimamoto. Nikaitoa. Akaisoma taratibu, kidole kinatembea chini ya mstari. Ukurasa wa pili kidole kikasimama.

Mimi nilijua kimesimama wapi. Nilikuwa nimeisoma ripoti ile Ijumaa njia nzima, nikaomba tu kwamba ofisini watu wasisome mpaka chini. Chumba cha kati, ilisema, sefu moja ya chuma, imefungwa, haijaharibika, ufunguo uko kwa mama mwenye nyumba, ameelekezwa asifungue kabla ya Jumamosi jioni.

"Hapa wanasema sefu ilikuwa nzima," akasema msajili. "Vyeti si vilikuwa humo?"

Nikasema vilikuwa humo. Akauliza sasa viko wapi. Nikasema viliungua Alhamisi. Akanitazama juu ya miwani, kwa upole ule ule, akauliza nani aliifungua.

Shemeji yangu, mtu wa lugha, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu siku ile ya bosi kuumwa tumbo, alitazama dirishani. Akakohoa. Akarekebisha tai.

"Familia," akasema. "Familia ilikaa ikaamua kufungua."

Sikuwahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau pale, na nilikuwa nimeshaanza siku nyingi. Nikafungua mdomo nimpasulie, nimwage yote, mitungi sita, wali, pipa la nguo. Binti yangu akanitangulia. Hakupandisha sauti.

"Baba mkubwa ndiye aliyefungua," akasema. "Mama ndiye aliyempa ufunguo. Mimi ndiye niliyemwaga maji."

Msajili alisikitika, nilimwona. Akasema utaratibu unamtaka aandike kwamba vyeti viliteketea katika ajali ya moto, na karatasi aliyonayo mkononi inasema havikuteketea. Hawezi kuandika juu ya muhuri wa ofisi nyingine. Binti afuatilie vyeti vipya, itachukua miezi, aje mwakani, jina lake atalikumbuka. Alitusindikiza mpaka mlangoni. Nje, Semina akasema kama wangesoma ripoti yake kwa makini mambo yangekwenda vingine. Tukatembea mpaka barabarani yeye akiwa nyuma yetu.

Huu ni mwezi wa nne sasa. Tumepanga chumba karibu na duka la dobi, na binti yangu anapiga pasi meza ya pili, upande wa mashati. Ana mkono mzuri, hilo ndilo linaloniuma. Semina ameichukua sefu ya marehemu, bila ufunguo, maana huo niliurudisha shingoni siku ile ile, ameisimamisha uani kwake, anaitumia kuwafundishia watu. Kweli. Mtu akiunguliwa mtaani anapelekwa kwake, naye anamweleza kwamba sefu haifunguliwi mapema, humwagii maji, unasubiri siku tatu, maneno yote ya yule mama wa zimamoto, neno kwa neno, kayafanya yake. Wakimuuliza hii iliunguaje, anasema familia ilikataa ushauri.

Wiki iliyopita jiko la mwalimu jirani yetu liliungua, likachukua na chumba cha pembeni, mlimokuwa na kabati lake la chuma. Tulikuwa wa kwanza kufika, mimi na binti yangu. Alimkalisha mwalimu, akamwambia yote, moja moja, na kila akimaliza anamwambia alirudie. Nilisimama pembeni nikamsikiliza. Hakusahau hata la dawa.

Haikupita nusu saa kofia ikachungulia getini. Akawasalimia watu, akazunguka kabati mara mbili, akaweka kiganja juu ya mlango wake, akasema somo la kusubiri ni la sefu, kabati hili limeshapoa. Mwalimu alikuwa na ufunguo mkononi, ameushika tu, na wengine wamejaa pale wanamtazama. Semina akanyoosha mkono wake kwake, kiganja juu. Mwalimu akanitazama mimi. Nilisogea, nikauchukua ule ufunguo mkononi mwake, nikauvaa shingoni pamoja na wangu.

"Shemeji," nikasema, "hapana."

Neno lenyewe fupi hivyo. Alhamisi ile yote sikuweza kulitoa. Akasema sina heshima, akasema atanishtaki kwa mama, akaondoka amevimba, na jua likaendelea kuwaka kama kawaida.

Siku ya tatu jioni nilimrudishia mwalimu ufunguo wake, akafungua mwenyewe. Karatasi zilikuwa zimepata rangi ya chai pembeni, basi. Vyeti vya wanawe watatu vilikuwamo, kila kimoja na bahasha yake. Binti yangu aliomba avishike. Akavitoa kimoja kimoja, akavisoma mpaka chini kwenye muhuri, kisha akavipanga kama alivyovikuta, akamrudishia mwalimu.